Ramani Isiyo na Pambizo: Nani Ahakiki Jiografia ya Mtandaoni?

Msafiri anayetoka Mwanza kwenda Sengerema leo anaweza kuuliza njia katika vyanzo vitatu vya mtandaoni akapewa majibu matatu yasiyopatana. Chanzo ambacho hakijahuishwa kitampeleka Kigongo kusubiri kivuko. Kilichohuishwa kitampitisha juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025. Mwongozo wa watalii wa miaka kumi iliyopita utamshauri awahi kabla foleni ya magari haijawa ndefu. Kusini mwa nchi, anayetafuta Pori la Akiba la Selous kwa ukubwa ulioandikwa vitabuni hatalipata, kwa sababu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilimegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Na anayetaka kujua urefu wa Kilimanjaro tu atakuta mita 5,895 mahali pamoja na mita 5,892 mahali pengine, kila tarakimu ikiwa na watetezi wake.

Majibu hayo hayatokani na uongo. Kila moja lilikuwa kweli siku lilipoandikwa, au ni kweli kwa kipimo fulani. Kinachomchanganya msomaji ni kwamba anayapokea bila tarehe, bila jina la aliyepima na bila kuelezwa yalikusudiwa kazi gani. Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Wapo wanaosema simu inatosha, wapo wanaosema ramani isiyo na muhuri wa serikali si ramani, na wapo vijana wa kujitolea wanaoamini kwamba mwenyeji wa mtaa ndiye mpimaji bora kuliko wote. Maktaba haitajwi, kana kwamba safari na jiografia havimhusu mkutubi. Uchambuzi huu unashikilia kwamba kazi inayokosekana kati ya kambi hizo ni kazi ya ukutubi hasa, na kwamba kuikosa kunatugharimu zaidi ya muda wa kupotea njia.

Kutoka uhaba hadi wingi

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita ramani nzuri ya Afrika Mashariki ilikuwa kitu adimu. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake, na kazi ya idara hiyo ndiyo iliyotupa zile karatasi za mizani ya 1:50,000 ambazo wanajiolojia, wahandisi na maofisa wa wanyamapori wamezitegemea kwa miongo mingi. Zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege, zikauzwa dirishani katika ofisi za upimaji za Dar es Salaam na Nairobi. Kisha, ndani ya miaka michache, uhaba ukaisha. OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Google Maps na Google Earth zikafuata mwaka 2005. Mwaka 2008 Marekani iliacha kutoza fedha kwa picha za setilaiti za Landsat, na sasa setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupiga picha ambazo kila doa lake ni mita 10 za ardhi, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bure.

Katika mageuzi hayo kuna kitu kilichopotea bila kelele. Karatasi ya zamani ilikuwa na pambizo. Humo mliandikwa mwaka wa picha za anga, mwaka wa chapa, ofisi iliyopima, mizani, njia iliyotumika kuubapaza uso wa dunia, maana ya alama, na mara nyingi onyo kwamba mipaka iliyoonyeshwa si ushahidi wa kisheria. Ramani ya simu imeondoa karibu yote hayo ili kioo kijae barabara na maduka. Anayeitazama haoni kwamba mtaa huu ulihakikiwa mwezi jana na kijiji kile kilichorwa miaka kumi iliyopita na mtu aliyekuwa akitazama picha ya setilaiti, hajawahi kukanyaga pale. Vyote vinang'aa kwa rangi ileile na kwa uhakika uleule.

Suala la Kilimanjaro linaonyesha vizuri thamani ya pambizo. Tarakimu ya 5,895, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye kibao cha Kilele cha Uhuru, ilitokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952. Mwaka 1999 wapimaji wa Kijerumani na wa Kitanzania walipanda na vipokezi vya GPS wakapata takriban 5,892, na upimaji wa 2008 ukaja karibu na hapo. Mlima haukupungua mita tatu. Wapimaji wa kwanza walihesabu kwa pembe na kwa alama zilizotangulia kupimwa. Wale wa baadaye walipima kutoka umbo la kihesabu la dunia, kisha wakageuza matokeo yawe urefu kutoka usawa wa bahari ambayo iko mbali sana na mlima. Anayepewa tarakimu zote mbili pamoja na miaka na njia zake hachanganyikiwi hata kidogo. Anayepewa moja tu hudhani aliyetaja nyingine amekosea.

Ramani ya kampuni

Wanaosema simu inatosha wana hoja nzito, na si haki kuidharau. Mtu anayetafuta hospitali usiku akiwa Mbagala, dereva anayetaka kujua kama foleni ya Ubungo imepungua, mgeni anayeshuka Stesheni na kutafuta nyumba ya wageni: wote hawa hupata kwa sekunde chache kile ambacho hakuna maktaba yoyote duniani ingeweza kuwapa. Ramani za kampuni kubwa husahihishwa kila siku, hutumia mwendo wa simu za watu wengine kukadiria msongamano, na mtumiaji halipi chochote zaidi ya bando lake.

Udhaifu wake unatokana na chanzo kilekile cha nguvu yake, yaani biashara. Ramani inayoishi kwa matangazo itajua duka kabla ya kujua kisima, na itajua barabara ya magari kabla ya njia ya miguu inayotumiwa na wanafunzi wa shule nzima. Barabara ya vumbi inayopitika Agosti na isiyopitika wakati wa masika huchorwa kwa mstari uleule mwaka mzima, na saa zinazokadiriwa huwa hazijui tope. Mwaka 2012 polisi wa Australia walilazimika kuwaonya madereva wasiifuate ramani ya Apple kwenda mji wa Mildura, kwa kuwa ilikuwa ikiwapeleka katikati ya hifadhi kame, kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini, katika eneo ambalo joto linaweza kufika nyuzi 46. Baadhi ya madereva walikuwa wamekwama huko bila chakula wala maji. Kosa lilirekebishwa upesi, lakini lilikuwa kosa ambalo mtu yeyote mwenye atlasi ya shule angeligundua.

Mipaka ni jambo zito zaidi. Mwaka 2010 ofisa wa Nikaragua aliyeongoza watu wake kuingia eneo la Isla Calero, mpakani na Kosta Rika, alijitetea kwa kutaja Google Maps, ambayo kwa kweli ilikuwa imeusogeza mpaka kwa zaidi ya kilomita mbili. Kampuni ilikiri kosa, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua mwaka 2015 kwamba eneo hilo ni la Kosta Rika. Kwetu mfano ulio karibu ni Ziwa Nyasa. Malawi inashikilia mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliouweka mpaka kwenye ufukwe wa mashariki, na Tanzania inashikilia kwamba mpaka uko katikati ya maji. Hata usuluhishi wa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano haukulimaliza suala hilo. Kila mchora ramani analazimika kuchagua pa kuuchora mstari, na inajulikana kwamba kampuni hizi huonyesha mipaka tofauti kwa watumiaji wa nchi tofauti, kama ilivyo kwa Kashmir na Crimea. Mtumiaji haelezwi kwamba uchaguzi umefanyika.

Wenyeji wanapojichorea

Kambi ya pili ilizaliwa kutokana na matundu hayo. Mwaka 2009 Kibera, mtaa mkubwa wa Nairobi, ilikuwa karibu tupu katika ramani zilizokuwa zikitumika. Vijana wa mtaa huo walichukua vifaa vya GPS wakapita vichochoroni wakiandika vyoo, zahanati, shule na mabomba ya maji, na kazi yao ikaingia OpenStreetMap. Mwaka uliofuata tetemeko la Haiti lilionyesha ulimwengu kwamba watu wa kujitolea waliotawanyika mabara mbalimbali wanaweza kuchora mji ulioharibika ndani ya siku chache, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo.

Dar es Salaam ilikwenda mbali zaidi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatoa mamia ya wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam madarasani na kuwapeleka katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Hawakuishia kuchora barabara. Walipima mifereji, upana na kina chake, wakaangalia ilipoziba. Waliwauliza wakazi maji yalifika wapi ukutani. Walikwenda na wajumbe wa mashina ili kujua shina moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, mpaka ambao hakuna setilaiti inayoweza kuuona kwa sababu upo katika vichwa vya watu tu. Mkoani Mara, mradi wa Crowd2Map ulioanza mwaka huohuo uliweka vijiji kwenye ramani ili wanaookoa wasichana wanaokimbia ukeketaji wajue pa kwenda usiku. Sioni kipimo kingine cha ubora wa ramani kinachokipita hiki: mtoto alipatikana kabla ya kisu.

Hata hivyo ramani hii ina udhaifu usiofutwa na moyo wa kujitolea. Mradi una mfadhili na mfadhili ana mwisho. Kata iliyochorwa kwa bidii mwaka 2016 inaweza kukaa bila kuguswa hadi leo huku nyumba zikijengwa na kubomolewa. Kwingineko nyumba elfu kadhaa huchorwa kutokana na picha za juu bila jina hata moja la kitongoji, kwa sababu aliyechora yuko bara jingine. Na uwazi wenyewe una hatari: nyumba ya salama ya wasichana haifai kuonekana kwa kila mtu, wala mahali pa vifaru. Ramani huria inahitaji mtu wa kuamua nini kisiwekwe, na mara nyingi mtu huyo hayupo.

Muhuri wa serikali

Ramani rasmi ina kitu ambacho nyingine zote hazina: inasimama mahakamani. Mgogoro wa shamba hauamuliwi kwa picha ya simu. Alama za msingi za upimaji, zile nguzo za zege zilizoko vilimani, ndizo zinazoiwezesha hata GPS ya kisasa kuoanishwa na hati za zamani. Serikali pia ndiyo inayoweza kuchora nchi nzima kwa mkupuo mmoja. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyofanyika kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo, iliyapa majina mitaa na namba nyumba kwa kasi ambayo hakuna chama cha kujitolea kingeweza kuifikia.

Udhaifu ni umri na upatikanaji. Karatasi nyingi za 1:50,000 bado zinaonyesha nchi ya miaka ya 1950 na 1960. Milima na mito humo ni sahihi, lakini makazi yalihamishwa na vijiji vya ujamaa, miji imemeza mashamba, na mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu iliyoundwa mwaka 2012, pamoja na Songwe ya 2016, haimo. Kuhuisha karatasi hizo kunahitaji fedha ambazo hushindana na dawa na madawati. Serikali inayouza ramani ili kugharamia upimaji hupata wanunuzi wachache, kisha wachache hao hutumiwa kuthibitisha kwamba ramani hazina soko. Visiwani Zanzibar njia nyingine ilijaribiwa kuanzia 2016: ndege zisizo na rubani zilipiga picha Unguja na Pemba kwa ushirikiano wa Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na picha hizo zikawekwa wazi. Hilo linaonyesha kwamba urasmi na uwazi si maadui.

Hazina iliyo mbali

Kuna kundi la nne la vyanzo ambalo wasafiri wengi hawalijui, na ndilo ambalo wakutubi hulipenda kuliko yote. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ramani zaidi ya milioni tano, sehemu yake ikiwa mtandaoni. Maktaba ya Perry-Castañeda ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, imeweka bure maelfu ya ramani za nchi mbalimbali, Afrika ikiwemo. Mkusanyo wa David Rumsey, ulioko Chuo Kikuu cha Stanford, una zaidi ya ramani laki moja mtandaoni. Maktaba ya Uingereza imetia mtandaoni michoro ya kijeshi ya Afrika Mashariki ya Kiingereza ya takriban miaka ya 1890 hadi 1940, na ramani za Kijerumani za mizani ya 1:300,000 zilizochapwa Berlin nazo zinapatikana katika makusanyo ya kidijitali.

Kwa anayefuatilia asili ya ukoo, njia ya msafara au mahali pa vita vya 1914 hadi 1918, hazina hii haina mbadala, ila haifunguki kwa urahisi. Anayetafuta Lushoto ataikosa mpaka ajue iliandikwa Wilhelmsthal. Kasanga ilikuwa Bismarckburg, Murang'a ilikuwa Fort Hall, na Kalemie kule Kongo ilikuwa Albertville. Upande wa pili kuna jina moja lenye mahali pengi: Majengo ipo Mombasa, Nairobi, Moshi na Dodoma. GeoNames, orodha huria ya mamilioni ya majina ya mahali, husaidia kuyatenganisha, lakini nayo hurithi makosa ya orodha zilizomiminwa humo. Na hazina iliyo mbali inaweza kufungwa ghafla. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake za kidijitali zikazimika kwa miezi. Mtafiti wa Kampala au Nakuru aliyekuwa akitegemea nakala ile hakuwa na pengine pa kugonga.

Mkutubi anaingia wapi

Eratosthenes, aliyepima mzunguko wa dunia katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alikuwa mkuu wa maktaba ya Aleksandria, na kitabu chake kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kubeba jina la jiografia. Nguvu yake haikuwa katika kusafiri. Alikusanya taarifa za waliosafiri, akazilinganisha, akauliza nani alipima umbali huu na kwa njia gani, akakataa zile ambazo hazikusimama. Kazi hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba taarifa za wasafiri sasa ni mabilioni na hazina majina.

Nikizipima kambi zote, sioni mshindi, na ninaamini kumtafuta mshindi ndiko kunakoendeleza mkanganyiko. Kwa safari ya leo mjini, ramani ya kampuni ndiyo bora. Kwa kijiji kisicho na mtandao wa simu, data ya OpenStreetMap iliyopakuliwa mapema kupitia programu kama OsmAnd au Organic Maps inaipita kwa mbali, kwa sababu haihitaji bando njiani. Kwa shamba na mpaka, hakuna pa kwenda ila idara ya upimaji. Kwa kujua mahali palikuwaje, ni makusanyo ya maktaba. Asiyejua mgawanyo huu atatumia chombo kizuri kwa kazi isiyo yake. Kumwonyesha msomaji chombo kinachofaa swali lake, pamoja na umri na mipaka ya chombo hicho, ndiko kumrudishia ile pambizo iliyoondolewa, na hakuna taaluma iliyozoea kazi hiyo kama ya mkutubi, ambaye kila kadi ya katalogi yake huanza na nani, lini na wapi.

Kazi ya pili ni ya kutunza, na hapa nina wasiwasi wa kweli. Ramani ya mtandaoni hujifuta kila inaposahihishwa. Bonde la Msimbazi lililopimwa na wanafunzi mwaka 2015, na nyumba zake zote za Jangwani na Kigogo, si bonde litakaloonekana kwenye simu baada ya mradi wa kuliendeleza kukamilika. Historia ya mabadiliko imo ndani ya kanzidata za kigeni kwa anayejua kuichimbua, lakini mwanafunzi wa kidato cha tano hataichimbua.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba mkutubi si mwanajiografia. Ni kweli, wala si tabibu, na bado humwonyesha msomaji kitabu cha tiba kilichohaririwa vizuri na kumwonya kuhusu kile cha mwaka 1960. Anachohitaji ni kusoma mizani, kutambua mwaka wa picha, kuelewa leseni na kujua majina ya zamani, mambo yanayoweza kuingizwa katika mafunzo ya chuo cha ukutubi cha Bagamoyo kwa msaada wa walimu wa Ardhi.

La pili, ambalo linaongezeka nguvu, ni kwamba sasa mtu anaiuliza akili mnemba na kupata jibu lililokwisha kupikwa. Lakini programu hizo zimejengwa juu ya maandishi yaleyale yasiyo na tarehe, na kwa miji midogo ya Afrika maandishi hayo ni machache. Hujibu kwa kujiamini kulekule kuhusu Paris na kuhusu Mpanda. Tatizo la pambizo linaongezeka humo, kwa kuwa hata mstari uliochorwa kwa mkono haupo tena wa kukaguliwa.

La tatu ni fedha, na hili silipuuzi. Maktaba nyingi za mikoa hazina kompyuta za kutosha, na ofisa wa bajeti ana haki ya kuuliza kwa nini ramani zipate kabla ya vitabu vya kiada. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haigharimu vifaa. Orodha ya kurasa mbili ya vyanzo vya kuaminika kwa Kiswahili, ikihakikiwa kila mwaka na kubandikwa ukutani katika kila maktaba ya mkoa, inahitaji wiki ya mtu mmoja. Kupakua data huria ya wilaya mara moja kwa mwaka, kuichapa kwenye karatasi kubwa yenye tarehe na majina ya vyanzo, na kuiweka kabatini karibu na karatasi ya zamani ya 1:50,000 ya eneo hilohilo, kunahitaji mashine ya kuchapa ambayo tayari ipo katika ofisi nyingi za mkoa. Wazee wanaojua jina la kila mto na kila mlango wa bahari wanapatikana bure, ila si kwa muda mrefu, na kwa hiyo kuandika majina hayo pamoja na mahali pake kunapaswa kutangulia hata ununuzi wa kompyuta.